Joto Lililoandikwa kwa Penseli

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni beseni. Lilikuwa beseni la plastiki la manjano, limepasuka ukingoni, nalo lilikaa juu ya kiti karibu na meza ya kupimia. Kabla ya kumshika panya yeyote alitumbukiza mikono yake humo, akaiacha katika maji ya uvuguvugu huku midomo yake ikihesabu kimya, kisha akaikausha kwa taulo na kuvaa glavu. Panya wa pili, beseni tena. Panya wa tatu, beseni tena. Nilikuwa na siku mbili tu kazini, nimetoka chuo na shahada yangu ya takwimu, na nilidhani huo ni ushirikina wa aina fulani.

"Mbona unanikodolea macho?" aliniuliza bila kugeuka. "Hujawahi kuona mtu akinawa?"

"Unanawa mara nyingi, mama."

"Sinawi. Ninapasha. Wewe ukishikwa kifuani na mkono kama barafu, moyo wako utafanyaje?"

"Utashtuka."

"Haya. Na huu wa panya una ukubwa wa harage. Sogea huko, msomi, unaniziba taa."

Jengo zima lilimwita Mama Joto, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Kila alipoingia katika chumba cha wanyama alikwenda kwanza kusoma kipimajoto ukutani. Kikishuka kidogo tu, alipiga simu kwa mafundi, kwa mlinzi, kwa ofisi ya vifaa, hadi mtu apande ngazi akiwa amenuna. "Mama Joto ameamka," walisema. Yeye alilijua jina hilo na hakulikataa. Alisema jina baya ni lile usilolifanyia kazi.

Alianza katika taasisi hiyo miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa mwosha vizimba. Alimwaga maranda machafu, akamimina mapya, akajaza chupa za maji. Kisha ikaletwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayoonyesha moyo ukicheza ndani ya kifua bila kumchana mnyama. Mtaalamu aliyeileta alikaa wiki moja, akaondoka, akaacha kitabu kinene cha maelekezo ambacho hakuna aliyekifungua. Mama Joto alikifungua. Alikisoma wakati wa chakula cha mchana kwa miezi minne, kamusi pembeni, na mwisho wake yeye ndiye peke yake aliyeweza kuuona moyo wa panya pale wengine walipoona ukungu. Sasa madaktari wanafunzi hujifunza kwake. Wakihitimu hupanda vyeo, na katika ripoti zao huandika mstari mmoja: tunawashukuru wafanyakazi wote wa maabara. Nimezisoma ripoti thelathini na moja za idara hiyo. Jina lake halimo hata katika moja.

Kazi yenyewe ni hii. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, mdomo wake ukiwa ndani ya kinyago kidogo. Kifua hunyolewa na kupakwa jeli. Kichwa cha mashine huwekwa juu ya kifua, na kwenye kioo unatokea moyo, unafumba na kufumbua. Mama Joto hupima upana wa mshipa mkuu, akapima kasi ya damu inayopita humo, na mashine humpa jibu: mililita ngapi za damu zinatoka moyoni kila dakika. Spika ikiwashwa, mapigo husikika kama mvua juu ya bati. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka kwa furaha, naye akanitazama kama mtu ambaye hatimaye amepata mgeni mwenye akili.

Mradi niliokuta unaendelea ulihusu dawa ya zamani, inayotumika kwa maradhi mengine, ambayo Profesa, mkuu wa mradi, aliamini ingeweza kuupa nguvu moyo uliochoka. Panya ishirini na nne walipasuliwa kifua na mshipa mmoja wa moyo wao ukafungwa ili moyo udhoofike. Kumi na wawili wakapewa dawa, kumi na wawili wakapewa maji. Baada ya wiki sita wote walipimwa, na mpango ulitaka wapimwe tena baada ya wiki nyingine sita. Kwa kuwa dawa yenyewe inajulikana kwa watu tangu zamani, safari kutoka kwa panya hadi kwa wagonjwa ilikuwa fupi. Matokeo ya kipimo cha kwanza yalitosha kuifanya hospitali ya jirani ifungue orodha ya wagonjwa wa kujaribiwa.

Mdogo wake Mama Joto alikuwa katika orodha hiyo.

Hilo sikulijua siku niliyomaliza kuingiza namba zote kwenye kompyuta. Nilijua tu kwamba kundi la dawa lilikuwa na wastani wa mililita tisini kwa dakika, na kundi la maji sitini na tatu. Chuoni nilifundishwa kutilia shaka tofauti ndogo. Hii ilikuwa kubwa kama nyumba. Nilikwenda chumba cha kupimia nikiwa na meno nje.

"Hongera, mama! Dawa imefanya kazi."

Alikuwa anafuta jeli kwenye mashine. Aliacha kufuta.

"Nani kakwambia?"

"Namba zako. Umezipima mwenyewe."

"Lete hizo fomu."

Nikamletea. Alichambua karatasi, akatoa moja, akanisukumia kifuani kiasi kwamba nilirudi nyuma hatua moja. "Nenda pale dirishani. Iinamishe. Usitazame maandishi, tazama karatasi. Pembeni, kulia."

Nilifanya hivyo. Fomu ilikuwa na safu za namba ya kizimba, uzito, mapigo na damu kwa dakika. Ukingo wa kulia ulikuwa mweupe. Lakini mwanga wa dirisha ulipopita juu yake kwa ubavu, niliona michirizi. Mtu alikuwa ameandika hapo kwa penseli, akaikandamiza kwa nguvu sana, na mtu mwingine akafuta. Kifutio kiliondoa weusi, hakikuondoa mashimo. Nilisoma kwa kidole kama kipofu. Kizimba cha kwanza, thelathini na saba. Cha pili, thelathini na saba. Hivyo hadi cha kumi na mbili. Cha kumi na tatu, thelathini na tatu. Kisha thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili.

"Hii ni nini?"

"Joto la mwili. Fomu yao haina safu ya joto. Nimeomba waiweke tangu mwaka juzi. Nikaichora mwenyewe, kwa penseli, ili nisiambiwe nimeharibu karatasi. Karani akaambiwa afute, fomu ziwe safi."

"Lakini mama, hawa wa chini wote ni wale..."

"Wa maji. Kumbe una macho."

Alinieleza akiwa amesimama, ngumi kwenye kiuno. Panya aliyelala kwa dawa ya usingizi hupoteza joto haraka, kwa hiyo hulazwa juu ya meza yenye joto. Taasisi ina meza mbili za namna hiyo, na moja iliungua waya wake siku nyingi, ikabaki chuma kitupu. Siku ya kipimo alianza asubuhi na meza nzima, kizimba cha kwanza hadi cha kumi na mbili. Saa sita mchana wakaja vijana wawili wa ofisi ya mbele, wakachomoa waya ukutani, wakaibeba meza.

"Wanaipeleka wapi?" niliuliza.

"Ukumbini! Kwenye maonyesho! Wageni wa kampuni ya dawa walikuwa wanakuja jioni, Profesa akataka waone kifaa cha kisasa. Wakaiweka juu ya kitambaa cheupe, na ua pembeni. Meza yangu, na ua!" Alipiga kofi ukutani. "Nikamwendea. Nikamwambia, Profesa, wamebaki kumi na wawili, niahirishe hadi kesho. Akasema kesho matokeo yanatakiwa kwenye slaidi. Akasema, wafunike na taulo. Taulo! Panya yuko usingizini juu ya chuma, unamfunika juu, chini anaganda. Nikawapima. Mioyo inatambaa, naiona inatambaa, na mimi naandika."

"Na kwa sababu vizimba vimepangwa kwa kundi..."

"Wenye dawa wote juu ya joto, wenye maji wote juu ya chuma. Umepima dawa hapo, au umepima meza?"

Sikuwahi kujisikia mjinga kama wakati ule, maana nilikuwa nimekwisha kuchora michoro ya rangi.

"Kwa nini hukusema baadaye?"

Nadhani lilikuwa swali la haki, lakini uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alichukua fomu ileile, akaweka kidole chini kabisa. Palikuwa na sahihi.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Basi usiniulize tena kwa nini. Ninajiuliza mwenyewe kila nikipiga mswaki. Nilikuwa nimechoka, nikasema ni panya tu, watapima tena, nikatia sahihi. Wiki mbili baadaye mdogo wangu ananipigia simu, anacheka kama mtoto. Dada, kuna dawa mpya ya moyo, imefaulu kwenye kituo chenu, nimejiandikisha."

Tulikwenda kwa Profesa mchana uleule. Ofisi yake ilikuwa na zulia na kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri sana. Alitusikiliza huku akipanga kalamu zake sambamba. Nilimwonyesha karatasi yangu, ambamo nilikuwa nimeandika joto la kila panya mbele ya damu yake, na jinsi joto na damu vilivyoshuka pamoja.

"Kijana," alisema, "umeajiriwa kuingiza data. Data ni zile zilizoandikwa kwa wino."

"Ziliandikwa, zikafutwa," alisema Mama Joto.

"Mama, tuheshimiane. Wewe ni fundi. Wewe upime, kufikiri tuachie sisi."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilidhani angepiga kelele. Badala yake sauti yake ilishuka, na hiyo ilitisha zaidi.

"Nimepima. Nimepima joto, mkalifuta. Nimewafundisha wanafunzi wako saba kuutafuta moyo, wewe mwenyewe nimekushika mkono ukashindwa kuupata. Wale panya tumewachana vifua, Profesa. Wamelala na maumivu ili tupate jibu moja. Mnyama akupe moyo wake, halafu wewe ushindwe kumpa meza?"

"Mlango uko wapi unaujua," alisema Profesa, akarudi kwenye kalamu zake.

Jumamosi Mama Joto alinichukua hadi kwa mdogo wake, ili mtu wa hesabu aseme kile ambacho dada hasikilizwi akisema. Mdogo huyo ni fundi wa vigae. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa na miaka sita, na Mama Joto ndiye aliyemlea, akimfunga vifungo vya sare ya shule kabla ya kwenda kuosha vizimba. Miaka mitatu iliyopita aliugua, moyo ukavimba, na tangu hapo hawezi kubeba boksi la vigae. Sebule yake ina sakafu nzuri kuliko nyumba yoyote niliyoingia. Ameacha kona moja bila vigae, saruji tupu, mahali alipoishiwa nguvu.

"Karibuni, karibuni! Dada leo kaja na askari?"

"Nimekuja na mtu wa hesabu."

"Za kwangu fupi. Ngazi kumi na nne, napumzika mara tatu. Andika hapo."

Mkewe alituletea maji, akaketi kwenye ukingo wa kiti. "Wifi, mwambie wewe," alisema. "Mimi nimesema mpaka mdomo umekauka."

"Barua inasema uache vidonge lini?" Mama Joto aliuliza.

"Si Jumatatu hii, ile inayofuata. Vile vidogo vyeupe. Wanataka mwili ukae wiki mbili bila kitu."

"Usiache."

"Ala! Ulikuwa unanishika sikio hili, unaniambia sikiliza waliosoma. Leo waliosoma wameandika, unaniambia niwazibie masikio?"

Nilimweleza habari za meza na chuma na taulo. Nilitumia karatasi, mishale, hata kikombe cha maji. Alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kila nilipopumua.

"Nimekuelewa," alisema. "Panya walipata baridi. Mimi nina masharubu, sikatai, lakini si panya. Na nikilala najifunika blanketi."

Mkewe alicheka, halafu akaacha ghafla.

"Unafanya mzaha," alisema Mama Joto, "na ukiacha vile vidonge utajaa maji miguuni kabla wiki haijaisha. Nimekuona hivyo mara moja. Sitaki kukuona tena."

Hapo mzaha ulimtoka. "Dada, wewe unajua nimechoka namna gani? Naitwa fundi na watu wanaonipita wakienda kwa fundi mwingine. Nimekaa na hiyo kona miaka mitatu, kila nikila naitazama. Mtu akiniambia kuna dawa, nitaikimbilia hata kama sina mbio." Alipumzika kidogo. "Niletee karatasi. Si penseli, si maneno ya dirishani. Karatasi yenye sahihi za wakubwa, inayosema dawa haikufanya kazi. Nitabaki na vidonge vyangu na sitanung'unika. Usipoleta, Jumatatu naviacha."

Barabarani Mama Joto alitembea haraka hadi nikawa nakimbia. "Nimemnawisha uso mtoto yule! Nimemfunga kamba za viatu! Leo ananidai karatasi kama karani wa mahakama!" Tulipofika kwenye kona alisimama. "Na ana haki. Karatasi aliyoiamini ina sahihi yangu."

Mtu mmoja tu katika jengo letu angeweza kumzuia Profesa, naye ni daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti nene na karanga mfukoni, ambaye hakuna panya anayeguswa bila kibali chake. Siku iliyofuata ya kazi tulimkuta akila karanga hizo juu ya rejesta. Alituacha tuseme yote.

"Maneno nimesikia," alisema. "Sasa nionyeshe."

Mama Joto alimchukua panya mzima, asiye wa mradi, akamlaza juu ya meza ya joto ambayo sasa ilikuwa imerudi kutoka ukumbini. Beseni, glavu, jeli. Spika ilinyesha. Joto thelathini na saba, damu mililita tisini na moja. Akamhamishia kwenye chuma, akamfunika kwa taulo lilelile, akamwangalia daktari usoni kwa dakika ishirini bila kupepesa. Mvua ya spika ilipungua, ikawa matone ambayo karibu ungeweza kuyahesabu. Joto thelathini na tatu. Damu sitini na nne. Akamrudisha kwenye joto. Mapigo yakajaa tena, damu ikapanda hadi themanini na nane, na panya akaamka akaanza kujisafisha masharubu.

"Huyu hakupewa dawa yoyote," alisema Mama Joto. "Alipewa meza."

Daktari wa wanyama alikung'uta maganda mkononi, akainua simu. Sijawahi kusikia mtu akifokewa kwa utulivu namna ile. "Profesa, nilikupa kibali cha kuwaumiza wanyama ishirini na wanne kwa ahadi ya jibu. Umewaumiza na jibu huna. Ama unapima upya wiki hii, kwa masharti yangu, ama nafunga chumba na barua inakwenda hospitali leo."

Profesa alishuka mwenyewe. Shingo ilikuwa imevimba juu ya kola. Alikubali kupima upya, maana hakuwa na njia, lakini alimgeukia Mama Joto.

"Nami nina sharti. Namba zikirudi vilevile, utaandika barua ya kuacha kazi."

"Nitaiandika kwa penseli," alisema, "ili mjue pa kuanzia kufuta."

Daktari alipanga kazi. Panya wote waliingizwa katika vizimba vipya kwa mchanganyiko wake mwenyewe, wakapewa namba mpya, na orodha ya nani alikunywa dawa na nani alikunywa maji ikatiwa kwenye bahasha. Alitia gundi, akatia sahihi juu ya mdomo wa bahasha, akamtaka Profesa naye atie, akaifungia kabatini. Nilidhani hapo imetosha. Mama Joto alitikisa kichwa.

"Daktari, nawajua."

"Unawajua nani?"

"Panya. Huyu ana sikio lililokatika, yule ana mkia wa kupinda. Nimekaa nao miezi mitatu. Nikimwona tu najua ni wa maji au wa dawa. Nifiche hata mimi."

Profesa alimtazama haraka, kisha akatazama sakafu. Kwa hiyo ikawa daktari ndiye anayemlaza panya mezani na kumfunika kitambaa cheupe chenye tundu moja, na Mama Joto aliitwa kuingia akakuta kifua tu, kama dirisha dogo. Meza moja, joto moja, hakuna kipimo kabla kipimajoto hakijasema thelathini na saba. Ilichukua siku tatu, panya wanane kila siku. Mimi niliandika. Fomu ilikuwa mpya, na safu ya joto ilikuwa imechapishwa kwa wino, katikati.

Alipima akiwa na hasira muda wote. Wengine hasira huwatetemesha mikono. Yake ilitulia kabisa. Siku ya pili, tukiosha beseni, nilimuuliza itakuwaje ikiwa dawa kweli inafanya kazi.

"Nitafurahi, wewe mpumbavu. Ni mdogo wangu. Nitasimama ukumbini pale walipoweka ua, niseme nilikosea kudhani haifai, na barua yao nitawapa. Lakini sikukosea kukasirika. Hiyo radhi hawaipati."

Siku ya tatu jioni tulifunga fomu. Namba ya juu ilikuwa tisini na tano, ya chini sabini na moja, na katikati zimesambaa. Nilizitazama sana. Zinaweza kuwa kundi moja lililotawanyika, zinaweza kuwa makundi mawili yaliyoingiliana. Bila orodha hakuna shahada itakayokwambia, na nimejaribu.

Leo ni Ijumaa, saa tatu kasoro dakika chache. Tuko katika ofisi ya daktari wa wanyama. Fomu yenye sahihi ya kila mmoja iko mezani, haiwezi kubadilishwa tena. Hesabu nimekwisha kuiandaa. Ninachohitaji ni kuambiwa kila namba ni ya kundi gani, kisha kubonyeza mara moja. Profesa amekuja na tai na amekataa kiti.

Mdogo wake Mama Joto naye amekuja, hakuna aliyemwita. Amepanda ngazi zetu, amepumzika mara nne, na ameketi kwenye benchi karibu na mlango, akipumua kwa mdomo. Chupa ya vidonge vidogo vyeupe inaonekana kwenye mfuko wa shati lake. Imebaki Jumamosi na Jumapili.

"Dada, mbona mikono yako ina joto hivi?" anauliza, kwa sababu amemshika kiganja.

"Nimetoka kupasha."

"Kuna panya?"

"Kaa kimya."

Profesa anakohoa. "Tuendelee. Nina kikao."

"Utakichelewa," anasema Mama Joto, bila kumtazama.

Daktari anafungua kabati. Anaweka bahasha katikati ya meza, anamwonyesha Profesa sahihi yake juu ya gundi, na Profesa anakiri kwa kichwa kwamba ni yake na haijaguswa. Anatafuta mkasi kwenye droo ya kwanza, haupo. Droo ya pili, karanga. Upo chini ya rejesta. Anaufungua, anainua bahasha kwenye mwanga wa dirisha, na sisi wote, hata Profesa, tunainama mbele.